Jibu: Barua ya wakfu wetu kwa UNESCO haijajibiwa, tufanyeje?

Salamu, ndugu. Umeeleza kwamba wakfu wenu unataka kushirikiana na UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, katika kufundisha vijana kuvumiliana, lakini barua mliyoituma makao makuu, Paris, haijapata jibu.

Kwanza angalieni kama Tume ya Taifa ya UNESCO ya nchi yenu inaifahamu barua hiyo. Tume hizo huundwa na serikali kwa kufuata katiba ya shirika lenyewe ili ziwe kiungo na taasisi za ndani, na wakfu niliokuwa nikiufanyia kazi ulipoiruka hatua hiyo, tulisubiri bure hadi tulipoanza upya kupitia tume.

Pili, someni tena maneno ya barua yenu. Yetu ilisema tu kwamba "tunapenda amani", sentensi ambayo hakuna ofisa anayeweza kuifanyia kazi. Tuliiandika upya tukianzia kwenye Tamko la Kanuni za Kuvumiliana, lililopitishwa na nchi wanachama tarehe 16 Novemba 1995, hasa kifungu cha 4 kinachoitaja elimu kuwa njia yenye nguvu zaidi ya kuzuia kutovumiliana, kisha tukaonyesha ni walimu wangapi tungewafundisha, kwa muda gani na kwa fedha za nani. Hapo ndipo mazungumzo yalipoanza.

Nawasihi pia msichapishe nembo ya UNESCO kwenye bango lolote kabla ya kupewa idhini ya maandishi. Sisi tulilazimika kuondoa mabango yaliyokwisha kubandikwa, na imani iliyopotea siku ile ilichukua muda mrefu kurudi.