Watano wakisema, usiandike "wote"

Mama wa Kadutu, hapa Bukavu, nimekuelewa. Kikundi cha WhatsApp cha mutualite yenu (chama cha kusaidiana) kina watu 212, wachache walipinga mchango wa msiba, ukaandika "watu wa hapa ni wachoyo", na sasa wanachama wanatoka mmoja mmoja.

Kwanza hesabu. Rudia mazungumzo ya siku ile, andika kila jina la aliyepinga mara moja tu, hata kama mtu aliandika mara ishirini. Ukipata majina 9, hao ni kama 4 kwa kila 100. Halafu bonyeza ujumbe wako bila kuachia, fungua habari zake: utaona waliousoma na ambao umewafikia tu. Wengine hawana mega za intaneti, wengine umeme umekatika simu ikazima, na wapo wengi wanaosoma bila kuandika kamwe. Ukimya wao si kukataa. Hapo ndipo wasimamizi wengi wanapokosea.

Leo omba radhi kwa idadi: "Watu 9 walipinga, mimi nikasema wote. Nimekosea." Usiongeze "lakini".

Kisha weka kura ya siku 3: nakubali, nakataa, nipunguziwe. Majina huonekana humo, kwa hiyo mwenye shida ya pesa mpigie simu pembeni.

Kama uligusa kabila la mtu, hilo ni zito. Hapa Kongo, amri-sheria namba 66-342 ya tarehe 7 Juni 1966 inaadhibu ukabila. Muone avoka (wakili) kabla ya kuandika neno lingine.