Nyuma ya Pazia: Bibi Maleba Anajibu

SWALI: Shikamoo Bibi. Kikundi chetu kinafanya mazoezi ya tamthilia The Pride ya Alexi Kaye Campbell. Oliver, Philip na Sylvia wapo mwaka 1958, halafu wapo tena 2008 bila hata mvi. Ni wao, ni wajukuu wao, au ni mizimu? Mimi ni Philip. Nitumie sauti mbili?
Mwigizaji Chipukizi

JIBU: Marahaba mwanangu. Mizimu haimo, na ukoo haumo. Ni majina yale yale na waigizaji wale wale, London ile ile. Kilichobadilishwa ni zama. Mwaka 1958 wewe Philip ni dalali wa nyumba na umeoa. Mkeo Sylvia anachora picha za vitabu vya watoto anavyoandika Oliver, nawe unampenda huyo Oliver. Mwaka 2008 Sylvia ni rafiki tu, Oliver ni mwandishi wa habari, na umemwacha kwa sababu hawezi kujizuia mbele ya wanaume asiowajua.

Sauti iache. Ijue sheria kwanza. Ripoti ya Wolfenden, ya kamati iliyoundwa na serikali ya Uingereza, ilishauri Septemba 1957 kwamba wanaume wazima wanaopendana faraghani wasishtakiwe, lakini bunge lilikaa hadi 1967 ndipo likakubali, tena kwa England na Wales tu, kuanzia miaka 21. Philip wa 1958 anaweza kufungwa. Ndiyo maana anakwenda mwenyewe kwa daktari, atapishwe kwa dawa huku akionyeshwa picha za wanaume, mwili ujifunze kuwachukia. Daktari huyo mchezeni mpole kabisa. Ningekuwa nawashonea, koti lake lingepigwa pasi kuliko nguo yoyote jukwaani.

(Tamthilia kama hii isingepita mwaka huo, maana kila mchezo ulikaguliwa na ofisi ya Lord Chamberlain, afisa mkuu wa nyumba ya kifalme ya Uingereza. Udhibiti huo ulifutwa 1968.)

Mwandishi ameshakufanyia kazi ya sauti: wa 1958 wanazungukazunguka maneno, wa 2008 wanatukana. Wewe vaa tai tangu mazoezi ya kwanza, kola ikubane. Ukiivua kwa ajili ya 2008, shingo itajua la kufanya.

Wengi wanaiogopa 1958. Mimi naiogopa 2008. Polisi hawamtafuti tena Oliver, na tangu 2005 wapenzi wa jinsia moja wanaweza kusajili uhusiano wao serikalini. Basi huyu mpweke amlaumu nani? Waigizaji wavivu humfanya kichekesho, kwa kuwa kweli anachekesha. Anamkodi mwanamume aje amevaa sare ya Wanazi wa Hitler! Watazamaji wacheke, hiyo ni haki yao, lakini Oliver mwenyewe asicheke nao.

Na mwambie mwongozaji wenu nafasi ya Sylvia asimpe mwigizaji yeyote tu aliyekosa nafasi nyingine. Sylvia wa 1958 ameshang'amua siri ya mumewe kabla ya kuambiwa, na anaibeba akimimina vinywaji. Sehemu hiyo inataka mwigizaji anayeweza kunyamaza.