Mzee wa Mzunguko anajibu: walitoka uwanjani timu inaongoza, akili zilikuwepo kweli?

Toleo lililopita niligusia viingilio mistari miwili tu, basi simu ikajaa meseji mpaka nikaizima. Siwezi kuzijibu zote, nimechukua hizi sita, na zile za kunitukania timu yangu nimezifuta.

Shikamoo Mzee. Mimi ni Majogoo, yaani Liverpool, damu damu nipo Tanga. Juzi kibandani shemeji yangu ambae ni Man U alituonyesha klipu ya zamani mashabiki wa Liverpool wanatoka uwanjani kwa maelfu timu inaongoza mbili bila, akasema walikua wameichoka timu mbovu, mimi nikasema hapana ule ulikua mgomo wa bei, kibanda kizima kikanicheka. Nani yuko sahihi? Tumewekeana chipsi kuku. (Mtoto wa Chumbageni)

Marahaba. Mwambie shemeji alipe, na kuku awe nusu sio paja.

Mechi yenyewe ilikuwa tarehe 6 Februari 2016, Anfield, Liverpool na Sunderland. Siku chache kabla klabu ilikuwa imetangaza bei za msimu unaofuata, maana walikuwa wanajenga jukwaa kuu jipya la kuupeleka uwanja kutoka watu kama elfu 45 mpaka elfu 54, sasa kwenye hilo jukwaa kuna tiketi ya mechi moja ikawekwa pauni 77. Moja! Hiyo ni zaidi ya laki mbili za kwetu mtu anakwenda kukaa dakika tisini. Kabla ya hapo ya juu kabisa ilikuwa pauni 59. Na tiketi ya msimu mzima kwenye viti vya bei ya juu ikavuka pauni 1,000 kwa mara ya kwanza pale. Klabu ikajitetea kwamba kuna tiketi nyingine zimeshushwa, zipo mpaka za pauni 9, na kiukweli zilikuwepo ila chache, na shabiki sio mjinga, anajua akipewa pipi mkono huu mkono wa pili unamtoa pochi.

Vikundi vya mashabiki, Spion Kop 1906 na Spirit of Shankly, wakakubaliana jambo rahisi sana ambalo hata mtoto analielewa: bei 77, basi dakika ya 77 tunanyanyuka tunaondoka. Hakuna fujo, hakuna kurusha chupa. Firmino alishafunga, Lallana akaongeza dakika ya 70, mambo matamu, ilipofika 77 watu wakaanza kushuka ngazi. Inakadiriwa elfu kumi hivi. Jamie Carragher, beki aliyecheza pale maisha yake yote ya mpira, na yeye alikuwa jukwaani siku hiyo akatoka nao. Kocha wao Klopp hata hakuwepo kwenye benchi, alikuwa hospitali na kidole tumbo.

Sasa sikiliza kilichofuata. Dakika ya 82 Adam Johnson wa Sunderland anapiga friikiki, nyavuni. Dakika ya 89 mwenzake Jermain Defoe, mbili mbili. Wale waliotoka wapo njiani wanasikia kelele hawajui ni za nani. Ndio maana shemeji yako kachanganya, kaona matokeo ya mwisho akadhani watu walikimbia timu mbovu, wakati walitoka ikiwa inaongoza. Mimi mwenyewe niliiangalia ile mechi nikiwa kibandani na nilijua kitu kinakuja kwa sababu mtangazaji alikuwa anakihesabia, lakini nilipoona kile kiti chekundu kinabaki kitupu, halafu kingine, halafu safu nzima, mwili ulinisisimka bana, na mimi sio Liverpool.

Siku nne baadae wamiliki, Fenway Sports Group ya kule Boston Marekani, wakatoa barua ya kuomba radhi. Ile 77 ikafutwa, ya juu ikabaki 59, na bei zikagandishwa misimu miwili. Mwezi uliofuata klabu za Premier League, ligi kuu ya Uingereza, zikakubaliana tiketi ya shabiki wa ugenini isizidi pauni 30, na msimu wa 2025/26 bado ilikuwa 30 hiyo hiyo. Hiyo ya ugenini ilikuwa na historia yake, watu walikuwa wameipigia kelele miaka, Januari 2013 Man City walirudisha tiketi 912 za kwenda Arsenal kwa sababu zilikuwa pauni 62, mashabiki hawakuzinunua.

Mzee wale Wajerumani waliorusha mipira ya tenisi uwanjani nao ilikua bei au ni utundu tu? (Babu Dortmund, Mbeya)

Bei. Tarehe 9 Februari 2016, yaani siku tatu tu baada ya Anfield, Dortmund walikuwa ugenini Stuttgart robo fainali ya kombe la Ujerumani. Viingilio vya wageni wakaviona ni vya kuchinja mtu. Dakika ishirini za mwanzo wengi hawakuingia, walipoingia ikaanza mvua ya mipira ya tenisi mpaka mechi ikasimama kidogo. Kwa nini tenisi? Wajerumani kitu cha hali ya juu huwa wanakiita tenisi kubwa, sasa ikawa kejeli: kama mnatuuzia kwa bei ya matajiri basi chukueni na mchezo wenu. Dortmund walishinda 3-1, kwa hiyo mtu asiseme kelele za bei zinaharibu timu.

Wale jamaa wamezoea. Oktoba 2015 wa Bayern walikwenda Arsenal, tiketi pauni 64, wakasusa dakika tano za mwanzo, kona yao tupu, halafu ndio wakaingia. Na mipira ya tenisi ilirudi tena mwanzoni mwa 2024 kwa kesi nyingine, ligi yao ilitaka kuingiza mwekezaji kwenye mapato ya matangazo, mechi zikawa zinasimama kila wikiendi mpaka Februari mpango ukatupwa. Kule kanuni inasema wanachama wa klabu lazima washike zaidi ya nusu ya kura, ukiacha klabu chache, kwa hiyo shabiki anapiga kelele kama mwenye nyumba. Uingereza anapiga kelele kama mpangaji.

Naomba kuuliza hizi klabu za Uingereza zinalipwa mabilioni na TV, tena nyingine na sisi tunazilipia king'amuzi huku, sasa pauni 77 ya mtu mmoja inawasaidia nini? Si waingize watu bure tu. (Msomaji, Mombasa)

Bure hapana ndugu yangu, ila swali lako ndilo walilouliza wenyewe. Mwaka ule wa 2016 ulikuwa unaanza mkataba mpya wa haki za matangazo ndani ya Uingereza, pauni bilioni 5.136 kwa misimu mitatu, na hapo hujaweka zile zinazolipwa na sisi wa nje. Shabiki akapiga hesabu, hela yote hiyo imeingia na mimi naongezewa bei?

Klabu inakujibu mishahara ya wachezaji imepanda, usajili umepanda, na ni kweli, ila hapo kuna mchezo, maana hela ya TV inagawanywa kwa wote, hata aliyeshika mkia anapata, kwa hiyo haikutofautishi sana na jirani. Ya mlangoni ni yako peke yako. Ndio maana kila mtu anajenga jukwaa jipya lenye vyumba vya vioo na kapeti.

Ila kuna jambo moja wamiliki walikuwa wamelisahau na ile dakika ya 77 ikawakumbusha. Hebu jiulize, wale watu elfu kumi walikuwa wameshalipa! Hela iko kwenye akaunti, mtu akiondoka mapema klabu haipungukiwi hata senti, sasa kwa nini waliogopa? Kwa sababu wewe Mombasa na mimi Temeke hatulipii kuona watu 22 wanakimbia kwenye nyasi tu, tunalipia na zile kelele, skafu zimenyanyuliwa, ule ukuta mwekundu unaimba nyuma ya goli. Shabiki wa jukwaani ni sehemu ya bidhaa, na ndio pekee kwenye bidhaa nzima anayelipa ili auzwe. Siku akinyanyuka, kamera za dunia nzima zinaonyesha viti. Mnunuzi akiona viti anaanza kuuliza maswali.

Habari Mzee. Mimi ni Mtanzania naishi Uingereza mwaka wa nne nafanya kazi ya kutunza wazee. Nilidunduliza nikanunua tiketi ya kifurushi yenye chakula, zaidi ya pauni 200, nikaone timu ninayoipenda toka darasa la nne. Nilikaa karibu na babu mmoja mwenyeji akaniambia kwa upole tu kwamba nyie wa mara moja ndio mmetupandishia bei. Sijalala vizuri toka siku hiyo. Ni kweli mimi ndio tatizo? (Dada wa zamu ya usiku)

Pole dada, na hongera kwa kuiona timu yako, usikubali mtu akuharibie.

Sasa nikwambie ukweli wote. Kosa sio lako ila babu hajakosea sana. Mwenyeji anakuja mechi 19 za nyumbani za ligi, skafu yake ni ya baba yake, chai kanywa kwao. Wewe umekuja mara moja na umekuja na hamu ya miaka ishirini, utanunua jezi, utanunua skafu, utakula humo humo. Kiti ni kimoja. Mwenye klabu anawaangalia nyie wawili na kalkuleta mkononi, halafu akishapandisha anakuacha wewe na babu mlaumiane wakati yeye yupo juu kwenye kioo.

Angalia Man U Novemba 2024. Katikati ya msimu, watu wameshapanga bajeti zao, tiketi za wanachama zilizobaki zikawekwa pauni 66 kwa kila mtu, mtoto 66, mzee wa pensheni 66. Mzazi aliyezoea kwenda na mwanae akajikuta anaambiwa 132. Mabango yakatoka, watu wakaandamana, klabu ikasema ina hasara kubwa. Na msimu uliofuata tiketi za msimu wakaziongeza asilimia 5, watoto tu ndio wakaachwa pale pale. Kwa hiyo msidhani kila mgomo ni Anfield, mara nyingi mwenye mali anakaza tu anasubiri mchoke.

Ushauri wangu, kile kifurushi umeshakifurahia, basi. Jiandikishe uanachama wa kawaida, uvizie mechi za makombe raundi za mwanzo ambazo bei huwa nafuu, na tafuta chama cha mashabiki wa hiyo timu ujiunge, vyama vyao vinapokea mtu yeyote. Ukimkuta babu tena mwambie na wewe umo. Nina hakika atakununulia chai.

Eti kombe la dunia la 2026 tiketi dola 60 kila mechi? Nimebishana na mtu. (Kigoma)

Nusu kweli. Zilipotangazwa Desemba 2025 bei za mashabiki wanaofuata timu zao Marekani, Kanada na Mexico, tiketi ya chini kabisa ya fainali ilikuwa zaidi ya dola 4,000, vyama vya mashabiki wa Ulaya vikasema huu ni usaliti. Kelele zikawa kubwa, siku chache tu FIFA ikatoa hizo za dola 60 kwa mechi zote 104 hata fainali. Ila ni fungu dogo tu linalopitia kwenye mashirikisho ya nchi zinazocheza. Kwa hiyo ukiambiwa zipo sema zipo, ukiambiwa nenda kanunue, kaa chini.

Mzee kibandani kwetu kiingilio kilikua jero, siku ya dabi mwenye kibanda anapandisha buku, sasa anataka kila mechi ya Arsenal iwe buku. Tumepanga na sisi tutoke dakika ya 77. Itafanya kazi? (Wadau wa Mbagala)

Haitafanya kazi hata kidogo! Jamani mmenisoma huko juu au mmeruka? Yule mmiliki wa Liverpool aliogopa kamera. Mwenye kibanda umiza haogopi kamera, hana mtu wa kumuuzia kelele zenu, mkitoka dakika ya 77 yeye anafurahi, buku zenu kashaweka mfukoni, joto linapungua, na wale watoto wanaochungulia kwenye tundu la turubai anawaingiza kwa mia mbili mbili wamalizie mechi.

Nyie fanyeni kama Man City wa 2013, msinunue. Chagueni mechi moja ya Arsenal, sio dabi maana dabi hamtaweza najua, mkae nje kwenye benchi la muuza kahawa wote mpaka mapumziko, apige mahesabu ya umeme na king'amuzi akiwa na watu watatu ndani. Kabla ya hapo nendeni wawili watatu mkaongee nae kistaarabu, labda na yeye kapandishiwa, mkubaliane jero mechi za kawaida na buku siku ya dabi. Mkifika mwafaka mnywe kahawa yake.

Na huyo mwenzenu mwenye simu ya bando, siku hiyo aiache nyumbani, maana mtu mmoja akipiga kelele ya goli hapo nje mtaingia wote.