Ukinunua Tieguanyin usidanganywe na punje, subiri jani lilowe

Hii chai ilinila hela mwaka wangu wa kwanza nikisoma Xiamen kule China, ndo maana nawaandikia, maana naona watu wanaagiza Tieguanyin toka China halafu wanalalamika kwamba waliyoletewa haifanani na ile waliyoonja kwa rafiki.

Haifanani kwa sababu umbo lake limebadilika sana. Kwao ni Anxi, mkoani Fujian, na zamani majani yalifungwa kwenye kitambaa yakafinyangwa kwa mikono na hata kwa miguu, yakatoka yamejikunja nusunusu, kichwa kinene mkia mwembamba, wenyewe wakaita kichwa cha kereng'ende. Mashine zilipoenea yakabanwa mpaka yakawa vidonge kama mbaazi, na kwa kweli vidonge vinasafiri vizuri, havivunjiki, unavikuta kwenye vile vipakti vya gramu 7 vilivyonyonywa hewa. Kwa hiyo duara kamili sio ubora jamani, ni mashine tu.

Mi nililipa pesa nyingi kwa robo kilo, punje za kijani zinang'aa, muuzaji ananiapia ni Tieguanyin safi. Maji ya kwanza na ya pili yalinukia maua, ya tatu hamna kitu. Mama mwenye nyumba niliyopanga akamwaga majani kwenye sahani nyeupe, akachukua moja akalikunjua polepole kwa kidole, kingo zina meno makali kama msumeno. Akasema hii ni Maoxie, yaani kaa mwenye manyoya. Maoxie ni chai nzuri tu, nayo ni ya Anxi, ila bei yake iko chini. Kisha akanionyesha jani la Tieguanyin yake mwenyewe: nene, kingo zina mawimbi, meno butu, ncha imepinda kidogo upande mmoja. Tangu siku hiyo hilo jani sijalisahau.

Ukikuta kingo zimechanikachanika usiogope, kwenye ile ya kijani ya kisasa wanazipukutisha makusudi kingo zilizogeuka nyekundu wakati wa kutengenezwa ili maji yawe meupe, ile ya kizamani inabaki na wekundu wake pembeni. Ya kijani weka kwenye friji na uimalize ndani ya miezi michache. Iliyobanikwa kwa moto inavumilia zaidi, na kwangu mimi ndo tamu, ina kama harufu ya karanga na inakaa kooni muda mrefu. Wenyeji wanasema ya masika ina maji mazuri, ya vuli ina harufu, nami nakubaliana nao kabisa.

Pika gramu 7 kwenye kibakuli cha mililita 110 chenye mfuniko, maji yachemke kweli sio vuguvugu, mimina upesi, rudia mara sita saba. Na ukinunua kwa mtu mpya chukua gramu 50 kwanza, ukishakunywa kunjua majani matatu manne kwenye sahani, ndo uamue kama unarudi kwake.