Kila Mtu na Ndugu Zake: Ndoa ya Mkikuyu na Mjaluo Wakati wa Kura

Mimi ni Mkikuyu wa Nyeri, nimeolewa na Mjaluo wa Siaya, na makazi yetu ni Nakuru. Uchaguzi unapokaribia, wasichana waliochumbiwa na vijana wa makabila mengine huniuliza kama siasa hutugombanisha nyumbani. Hutugombanisha, tena sana. Kila mmoja ana mgombea wake na kila mmoja anamwona mwenzake amedanganywa. Ila ugomvi wa watu wanaolala kitanda kimoja huisha. Ule wa ndugu ndio usioisha.

Kwa hiyo kama huna muda, soma hili tu: kila mtu awakabili ndugu zake mwenyewe. Shangazi yangu akitoa neno la dharau juu ya Wajaluo, mume wangu hana haja ya kufungua mdomo. Ni mimi nitakayemjibu, palepale mezani, si baadaye jikoni kwa kunong'ona. Shemeji zangu wakianza habari za Wakikuyu na wizi wa kura, mimi nakunywa chai yangu, mwenye kazi ni mume. Mkwe akijitetea mwenyewe anaonekana hana adabu. Mtoto wa nyumba akisema, ni mambo ya familia.

Mwaka 2017 tulikuwa kwenye mazishi kwao, nikiwa nimekaa na wake wa boma. Mazishi yetu Kenya mnayajua, maiti haijashuka kaburini mgombea ameshashika kipaza sauti. Huyu akaanza kuwasema "watu wa mlimani", yaani sisi wa Mlima Kenya. Mume wangu alisimama katikati ya hotuba akasema kwa Kijaluo kwamba mke wake ni wa huko mlimani na ndiye aliyepika chakula ambacho mheshimiwa anakingoja. Watu walicheka, mgombea akahamia habari za barabara. Mimi ningesema hayo, ningeitwa jeuri mpaka leo.

Jambo la pili ni kutopima mapenzi ya wakwe kwa hali ya hewa ya kisiasa. Ngurario yetu, harusi ya kimila ya Kikuyu, ilifanyika mapema 2003. Miezi michache kabla, Raila Odinga, Mjaluo, alikuwa amesimama Uhuru Park akasema "Kibaki Tosha", yaani Mwai Kibaki, Mkikuyu, anatosha kuwa rais, na muungano wao wa Narc ukaingia madarakani. Mjomba wangu alisema mbele ya wazee: Raila ametupa urais bila hata ng'ombe, sisi tutamnyimaje kijana wao msichana? Kila mtu alipiga makofi. Ikaja kura ya maoni ya katiba, Novemba 2005, ndizi ya Kibaki upande huu na chungwa la Raila upande ule, na mjomba yuleyule akaacha kupokea simu za mume wangu. Baada ya Rais Uhuru Kenyatta, Mkikuyu, na Raila kupeana mikono nje ya Harambee House, ofisi ya rais, Machi 2018, akaanza tena kumwita mkwe. Mwaka 2022 Uhuru akamuunga mkono Raila lakini wengi wa kwetu wakaenda na mpinzani wake, William Ruto, mjomba akanuna upya. Ningekata undugu kila aliponuna, watoto wangu wasingekuwa na guka, yaani babu, wa kuwasimulia chochote. Simtetei. Nasema tu kwamba kinywa chake hufuata miungano ya Nairobi, na miungano ya Nairobi haidumu.

Lakini kuna wakati kununa si kununa tena, na hapo ushauri wangu hubadilika.

Matokeo ya urais, Kibaki dhidi ya Raila, yalitangazwa 30 Desemba 2007, Kibaki akaapishwa jioni hiyohiyo, na nchi ikawaka. Siku ya Mwaka Mpya kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa watu wakiwa ndani. Waliotoroka huko, wengi wao Wakikuyu, wakajaa uwanja wa maonyesho wa Nakuru. Mwisho wa Januari ghasia zikafika Nakuru kwenyewe, halafu Naivasha, na Wajaluo na Waluhya wakakimbilia uwanja wa Afraha. Familia yetu ilikuwa ya uwanja gani? Kwenye vizuizi vya barabarani vijana walidai kitambulisho, na jina ndilo lililoamua. Jina la mume wangu lingemuua upande wa Naivasha. Langu lingeniua nikielekea magharibi.

Tuliachana kwa muda. Yeye alipanda basi la kwenda kwao kwenye msafara uliosindikizwa na polisi, mimi na watoto tukalala parokiani. Kabla hajapanda tulikubaliana kwamba hakuna atakayezungumza na ndugu yeyote juu ya ndoa hii mpaka tuonane ana kwa ana. Agano hilo ndilo lililotuokoa, kwa sababu simu zilianza wiki hiyohiyo. Kwetu waliniambia Mungu amenifungulia mlango, nirudi Nyeri. Kwao walimwambia atapikiwa sumu. Kadi za simu zilikuwa adimu, tukawa tunaongea kidogo tu jioni: mmekula, mmelala wapi. Hatukujadili nani kaiba kura. Mpatanishi Kofi Annan alipowapatanisha Kibaki na Raila, 28 Februari, na njia kutulia, alirudi. Nawajua waliotengana miezi ile ambao hawakukosana hata siku moja. Walikubali tu kusemewa na wengine.

Basi zungumzeni mapema, wakati hakuna joto. Nani ataondoka, nani atabaki, watoto watakuwa na nani, hela ya dharura iko kwenye simu ya nani. Kutengana kwa ajili ya usalama si kuachana, lakini lazima mliseme hivyo wenyewe kabla mtu mwingine hajawasemea. Watoto wetu wana jina la Kijaluo na la Kikuyu, yote kwenye cheti cha kuzaliwa. Wapo waliotushauri tuwape majina ya Kizungu matupu ili wasitambulike. Nilikataa, na bado nakataa. Mtoto asifichwe kwa bibi zake kwa sababu ya vijana wa barabarani.

Kiwanja na nyumba viandikwe majina yenu wawili. Sheria ya mali ya wanandoa ya 2013 hairuhusu nyumba ya familia kuuzwa bila idhini ya mwenzi, lakini ndugu hawasomi sheria, wanaangalia hati.

Makundi ya WhatsApp ya familia siku hizi ndiyo baraza. Mimi hutoka kwenye kundi la kwao kampeni zikianza, naye hutoka la kwetu, na tunaaga kwa heshima. Tatizo ni kwamba michango ya matanga na hospitali hupitia humohumo, na ukikosa kuchanga utaambiwa umejitenga. Kwa hiyo mume wangu hunitajia michango ya kwao, nami natuma M-Pesa kwa jina langu, ili mama mkwe aone imetoka kwangu.

Uchaguzi ujao ni 10 Agosti 2027. Mambo ya hela na mahali pa kwenda tumeshayapanga. Tulilokwama ni binti yetu wa pili, ambaye atapiga kura kwa mara ya kwanza: baba yake anataka ajiandikishe Siaya, mimi nasema Nakuru alikozaliwa, naye anasema tumwache asome.