Chuoni hakukosa, NFL akatemwa: tatizo lilikuwa mguu au kichwa?

SWALI: Kijana wangu ni mpigaji, yule anayepiga mpira kwa mguu upite kati ya milingoti, wa timu ya futiboli ya Kimarekani katika sekondari moja hapa Minnesota, na makocha wa vyuo wameanza kumuulizia. Nimesoma habari za mpigaji Roberto Aguayo. Chuoni hakukosa hata teke moja la pointi ya nyongeza, lile la pointi 1 baada ya timu kufunga, lakini NFL, ligi ya kulipwa, hakudumu. Ilikuwaje? Na sisi tuangalie nini mapema?
Baba wa mpigaji, Minneapolis

JIBU: Kaka, takwimu za Aguayo zinataka kusomwa polepole. Akiwa chuo cha Florida State, misimu ya 2013 hadi 2015, alipiga pointi za nyongeza 198 na zote zikaingia. Magoli ya teke, yale ya pointi 3, alifunga 69 kati ya 78. Msimu wake wa kwanza tu alitwaa tuzo ya Lou Groza ya mpigaji bora wa vyuo. Mwaka 2016, katika uchaguzi ambao timu za NFL huchukua wachezaji wapya kwa zamu, raundi kwa raundi, Tampa Bay Buccaneers wakatoa nafasi zao za raundi ya tatu na ya nne ili wapande wamchukue raundi ya pili, jambo la nadra sana kwa mpigaji. Msimu huo alifunga magoli ya teke 22 kati ya 31. Agosti 2017, kabla msimu wa pili haujaanza, akatemwa.

Sasa tuziangalie hizo 198. Chuoni teke la nyongeza hupigwa kutoka yadi 20. NFL nayo ilikuwa hapohapo mpaka 2015, ilipolisogeza nyuma hadi yadi 33. Milingoti ina upana uleule, mita 5.64. Ukipiga katikati ya uwanja, kwa yadi 20 mpira unaweza kupotoka karibu digrii 9 upande wowote na bado ukaingia. Kwa yadi 33 zinabaki 5 na kidogo, na kwa yadi 50 ni 3 na nusu. Mguu wenye hitilafu ya digrii 5 utapita chuoni kwa pointi za nyongeza bila mtu kushtuka.

Cha ajabu, kuna jambo moja ambalo chuoni ni gumu zaidi. Mistari ya ndani inayoamua mpira unaanzia wapi imeachana futi 40, wakati NFL imeachana futi 18 na nusu. Kwa hiyo mpigaji wa chuo hukutana na pembe kali zaidi, na asiyekosa huko si mtu wa kubezwa.

Wengi watakwambia kilichomwangusha ni kichwa. Mimi huanza na mguu. Hitilafu ndogo ikishajitokeza hadharani, ndipo kichwa kinapoingia, mtu anaanza kubadilisha hatua zake kila wiki. Na NFL haina subira: timu ni 32, kila moja kwa kawaida ina mpigaji mmoja, na ukikosa mara mbili Jumapili, Jumanne wanaweza kuwaita wengine kujaribiwa. Raundi uliyochaguliwa haikulindi. Mpigaji Adam Vinatieri alitoka chuo cha South Dakota State bila kuchaguliwa na timu yoyote, akapitia timu ya Amsterdam Admirals huko Uholanzi, kisha akacheza NFL misimu 24 na kufunga magoli 599.

Kwa kijana wako, kwanza aachane na kile kitako cha mpira, kibao kidogo kinachouinua mpira kutoka kwenye nyasi. Sekondari kinaruhusiwa, lakini vyuo vilikipiga marufuku kwa magoli ya teke tangu 1989, na kupiga kutoka kwenye nyasi hubadilisha mahali mguu unapougusa mpira. Pili, milingoti ya sekondari kwenu ina upana wa mita 7.1. Asihesabu "limeingia"; ahesabu lililopita ndani ya upana wa chuo. Tafuteni uwanja wenye milingoti ya chuo, au wekeni alama.

Mkitembelea chuo, ulizeni nani anarudisha mpira, yaani kuurusha nyuma kupitia kati ya miguu yake, nani anaushika chini ili upigwe, na wamebakiza miaka mingapi chuoni. Tangu mpira urudishwe mpaka uguswe na mguu ni kama sekunde 1.3, na sehemu kubwa ya muda huo haiko mikononi mwa mpigaji. Ulizeni pia kuhusu ufadhili bila aibu, maana wapigaji wengi huanza kwa kujilipia.

Na makocha wakitaka video, watumieni zile za mechi, zinazoanza kabla mpira haujarudishwa. Teke la mpira uliosimamishwa peke yake uwanjani haliwaonyeshi muda.