Ukipangiwa kisiwa kidogo, hujatupwa

Afisa mmoja kijana wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Kenya ametuandikia: anapelekwa ubalozi wa kisiwani huku wenzake wakienda London na Geneva. Je, kazi yake ndiyo imefika ukingoni? Haijafika. Inauma kwamba fikra hii bado inatembea kwenye korido za wizara pale Harambee Avenue, Nairobi, kwa maana inawafanya watu wazuri waende kule shingo upande, wakae wakihesabu miezi.

Angalia kura. Juni 2020, Kenya ilipowania kiti cha Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa dhidi ya Djibouti, duru ya kwanza tulipata 113, tukapungukiwa na 15. Duru ya pili tukapata 129, na zilizohitajika zilikuwa 128. Katika ukumbi ule Ushelisheli ina kura moja, sawa na India. Kura hiyo huombwa mapema na mtu aliyeko Victoria, mji mkuu wa Ushelisheli, anayemjua afisa wa huko anayeandaa maagizo ya kura yanayotumwa New York.

Kwa balozi mwenyewe, mbali na kupigwa msasa bungeni, kuna ridhaa ya nchi mwenyeji. Kifungu cha 4 cha Mkataba wa Vienna wa 1961 kuhusu uhusiano wa kidiplomasia hakiilazimu nchi hiyo kueleza kwa nini imekataa, kwa hiyo usiwahamishe watoto shule kabla ridhaa haijaja kwa maandishi. Hati za utambulisho, ambazo balozi mpya humkabidhi rais wa nchi mwenyeji, huandikiwa rais aliyeko. Ushelisheli ilibadili rais 2020 na tena 2025. Mabadiliko yakikukuta hujaziwasilisha, nyingine ziandaliwe. Lisome jina la rais herufi kwa herufi kabla bahasha haijafungwa, na uone kama barua ya kumrejesha mtangulizi wako imo.

Panapoharibika zaidi ni uchache wa watu. Tuseme ubalozi una maafisa wawili. Mmoja yuko likizo, mwingine analazwa, na kazi inasimama. Kifungu cha 19 cha mkataba huohuo kinataka jina la kaimu balozi lijulishwe wizara ya mwenyeji. Pasipokuwa na mwanadiplomasia yeyote, mfanyakazi wa utawala anaweza kuteuliwa kwa idhini ya mwenyeji, lakini kwa mambo ya kiutawala tu. Hawezi kwenda kujadili msimamo wa Kenya. Panga likizo za mwaka mzima Januari. Mfundishe mtu wa utawala kutoa hati ya dharura ya kusafiria, na umwonyeshe ilipo orodha ya Wakenya walio mahabusu, maana simu ya polisi saa nane usiku haijui nani yuko likizo.

Kinachokupandisha cheo ni taarifa zako. Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi ina makao Victoria. Andika kuhusu migao ya samaki, wizarani watakusoma. Mwaka 2023 Azali Assoumani wa Komoro alichukua uenyekiti wa Umoja wa Afrika, na afisa aliyekuwa Moroni, mji mkuu wa Komoro, alikuwa karibu na mwenyekiti kuliko wengi walioko Addis Ababa, makao ya Umoja huo. Huko Kiswahili kitakufungulia milango ya nyumba, ila faili za serikali ziko kwa Kifaransa. Kisome ukiwa bado Nairobi.

Ukiahidiwa kura, omba noti ya kidiplomasia, yaani barua rasmi ya serikali hiyo. Ahadi ya mdomo huondoka na waziri aliyeitoa. Weka tarehe ya noti hiyo na jina la afisa aliyekukabidhi kwenye faili la makabidhiano, ukurasa wa kwanza.